Land Cruiser ao Land Rover: ponti gani ya kujifunzia difu wakati unafufua kamyonete ya zamani

Hapa Lubumbashi mtu akienda kuangalia kamyonete ya zamani anafungua kapo, anasikiliza moteri, anagonga-gonga shasi kutafuta kutu, ponti ya nyuma (ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili) haiangalii kabisa, mpaka siku gari inaanza kulia njiani kwenda Likasi njo anaanza kuuliza watu. Kama unataka tu gari ya kutembea, si mbaya sana, utampa mekanisie akufanyie. Lakini kama unafufua hiyo gari juu unataka kazi yenyewe iingie mu mikono yako, kufungua difu (zile gia za katikati ya ponti zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), kupima, kufunga na inyamaze, basi ponti njo kitu cha kwanza cha kuangalia mbele ya kutoa franka. Ponti hazifundishi sawasawa. Kuna moja inakuacha urudie kazi mara mingi bila kukuumiza, na kuna ingine kila ukikosea kipimo inakulipisha rulma (beringi).

Nalinganisha mbili ambazo bado tunazikuta huku, nyuma ya malupango, kwa mafarme ya njia ya Kipushi, kwa wazee ambao gari ilisimama na hawajaamua kuuza: Land Cruiser kamyonete, kuanzia modeli 40 mpaka 75, na Land Rover ndefu, yaani 109 ya Series III (zilitoka 1971 mpaka 1985) ao 110 za mwanzo, yenye ponti ya nyuma ya Salisbury. Jibu langu nalitoa sasa ili usisome kwa wasiwasi: kwa kujifunza, chukua Land Cruiser. Land Rover iko na siku yake, nitaisema, lakini si siku ya kwanza.

Sababu kubwa ni namna difu inatoka. Kwa Land Cruiser difu yote iko mu pua ya ponti, kipande kimoja kinachofungwa mbele na nati kuzunguka. Unatoa kardan (ile bomba ndefu inayoleta nguvu toka boksi), unavuta arbre mbili (vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu), unafungua nati, unavuta pua, unaiweka juu ya meza. Kisha unaweza kukaa nayo hata miezi miwili, chini ya kivuli, mwanga mzuri, umekaa kwa kiti, mafuta yanachuruzika mu beseni na si usoni kwako. Salisbury haiko hivyo. Kasha la difu ni ponti yenyewe, unafungua kifuniko cha nyuma na kila kitu kinabakia mule ndani, kwa hiyo ao unalala chini ya gari na kupima sehemu za mia za milimita ukiwa mgongoni, ao unashusha ponti nzima toka kwa resori, na ile uzito si ya mtu mmoja. Mtu ambaye hajawahi kushika komparatere (saa ya kupimia vipimo vidogo) mu maisha yake, ukimlaza chini ya gari na taa ya telefone mu kinywa, hatajifunza, atataka tu amalize.

Halafu kunakuja kupima, na hapa njo nitachelewa kidogo juu ndani ya difu kazi kubwa ni hii, kufungua na kufunga bolti kila mtu anajua.

Mu ponti kuna pinyo, ile gia ndogo inayoshikwa na kardan, na kurone, ile gia kubwa ya duara inayozungusha magurudumu. Hizi mbili zimesuguliwa pamoja kiwandani, ni kama bwana na bibi, ziko na namba moja iliyochorwa juu yao, usikubali mtu akuuzie kurone ya huku na pinyo ya kule hata kama meno ni idadi moja, italia. Vipimo ni vinne: pinyo iingie kiasi gani, rulma za pinyo zikazwe kiasi gani, mchezo kati ya jino la pinyo na jino la kurone, na rulma za pembeni za difu zikazwe kiasi gani. Ukigusa kimoja vingine vinasogea, njo maana hakuna mtu, hata fundi mzee, anafunga mara moja na kuondoka. Unafunga, unapima, unafungua, unabadilisha, unafunga tena. Kwa hiyo swali la mtu anayejifunza ni: kila nikirudia, inanigharimu nini?

Kwa Land Cruiser pembeni ya kurone kuna nati mbili kubwa zenye meno, moja kushoto moja kuume. Unataka kusogeza kurone karibu na pinyo, unalegeza moja jino moja, unakaza ingine jino moja, unapima. Hauvuti rulma, hauitaji presi. Toyota inataka mchezo wa 0.15 mpaka 0.20 mm kwa difu kubwa ya Land Cruiser (ile kurone ya inchi 9.5), na 0.13 mpaka 0.18 mm kwa ile ya inchi 8 ya Hilux. Utazunguka na zile nati asubuhi nzima, mikono itaanza kuelewa yenyewe kwamba ukivuta kurone hivi alama inakimbia huku. Salisbury haina nati hizo. Iko na vibati vyembamba nyuma ya rulma za pembeni, na ukitaka kusogeza kurone kidogo tu, unatoa difu yote mu kasha, unavuta rulma na ekstraktere, unaongeza kibati, unapiga presi, unarudisha. Tena difu haitoki vivi-hivi, kasha linapaswa kutanuliwa kidogo na kifaa cha kutanulia, na kidogo ni kidogo kweli, nusu milimita ni nyingi mno tayari. Kifaa chenyewe fundi wa kusudera anaweza kukutengenezea kama anajua anachofanya. Lakini wengi wanapiga na bar ya chuma na nyundo, vibati vinakunjika, na kuanzia pale kila kipimo unachochukua ni uongo.

Kwa kina cha pinyo zote mbili zinakuumiza, niseme ukweli. Zote ziko na vibati, Toyota kati ya kichwa cha pinyo na rulma ya ndani, Salisbury chini ya kikombe cha rulma. Kuna njia ya kupunguza maumivu: chukua rulma ya zamani ya namba ileile, peleka kwa fundi wa mashini ya kukereza vyuma, akwangue tundu la ndani kidogo sana mpaka iingie kwa mkono bila presi. Hiyo inakuwa rulma ya kupimia. Unajaribu vibati nayo mpaka upate, kisha njo unafunga ile mpya mara moja tu. Kwa Salisbury, juu kibati kiko chini ya kikombe, unakwangua kikombe cha zamani upande wa nje. Vijana wengi wanaharibu rulma mpya mbili tatu kwa kuzivuta na kuzirudisha, na rulma nzuri ya ponti si bei ya mkate.

Unajua namna gani kama umepata? Rangi. Tube ya rangi ya njano ya mafuta ya wachoraji, changanya na grisi kidogo, paka meno matano sita ya kurone, zungusha huku mtu anazuia kurone na kipande cha mti ili kuwe na nguvu, mbele kisha nyuma, halafu angalia alama. Alama ikikaa juu, karibu na ncha ya jino, pinyo iko mbali, ongeza kibati. Ikikaa chini mu shina la jino, pinyo imeingia sana, punguza. Ikikimbilia upande wa ndani wa kurone, mchezo ni mdogo, isogeze mbali. Ikikimbilia upande wa nje, mchezo ni mkubwa, ilete karibu. Alama nzuri inakaa katikati ya urefu wa jino na haigusi ncha wala shina. Tafadhali usikaze pinyo moja kwa moja na spi mpya (mpira wa kuzuia mafuta) mu mdomo wake, ile spi inakudanganya kwa kukaza, pima bila spi kwanza.

Na kukaza rulma za pinyo, huku hatuna wengi wenye kle ya kupimia nguvu ndogo. Tumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Funga kamba, izungushe kwa flanji ya pinyo (sahani ya kufungia kardan), vuta pole pole mpaka izunguke bila kushtuka, soma kilo. Kama toka katikati mpaka kamba ni sentimita 5 na mizani inasoma kilo 3, hiyo ni karibu 1.5 Nm. Linganisha na kitabu cha modeli yako. Rulma zilizotembea zinataka karibu nusu ya zile mpya. Na kama difu yako inatumia ile bomba nyembamba inayokunjwa kati ya rulma mbili, kumbuka ile inakunjwa mara moja: ukipita kipimo hata kidogo, haulegezi nati, unanunua ingine. Land Cruiser nyingi za zamani ziko na vibati badala ya hiyo bomba, na kwangu hiyo ni baraka kwa mwanafunzi.

Kurone kuiingiza kwa difu usiipige na nyundo. Weka mu sufuria ya maji yanayochemka juu ya mbabula, iache ipate moto, ikaushe haraka, inashuka yenyewe mahali pake. Hii iko sawa kwa gari zote mbili. Na zile kofia za rulma za pembeni, kabla ya kufungua, piga alama na punchi, kushoto nukta moja, kuume mbili, juu zilikatwa zikiwa pamoja na kasha na ukizibadilisha difu haitakaa sawa tena.

Upande wa magurudumu Land Rover inashinda kidogo. Arbre zake zinaelea: uzito wa gari uko juu ya hub (kitovu cha gurudumu) na rulma mbili, arbre inazungusha tu, haibebi. Unafungua bolti za flanji, unavuta arbre, gurudumu linabaki chini. Land Cruiser inategemea. Kama mwisho wa hub kuna flanji yenye nati 6 na koni ndogo chini ya nati, hiyo nayo inaelea, gonga flanji na kipande cha shaba koni ziruke, usizichokoe na tournevis. Kama hakuna, tambura (ngoma ya breki) ni bapa tu na nyuma ya ponti kuna kifuniko, basi arbre zimeshikwa ndani na klipu za umbo la C: fungua kifuniko, toa pini ya satelite (gia ndogo za ndani ya difu), sukuma arbre ndani, klipu inaanguka. Si ngumu, ila arbre ya namna ile ikikatika gurudumu linaweza kutoka nalo, na kwa gari ya kubeba makala toka njia ya Kasenga mimi ningetafuta inayoelea. Kwa nati za hub utahitaji soketi ya 52 mm kwa Land Rover, 54 mm kwa Toyota. Usizifungue na burini na nyundo kama vile tunaona kila siku kando ya barabara.

Sasa jambo ambalo linaweza kuua mtu. Land Rover ya zamani breki yake ya mkono haiko kwa magurudumu, iko nyuma ya boksi ya vitesi, inashika kardan. Inua gurudumu moja la nyuma na krike: kardan imeshikwa, lakini difu inaruhusu gurudumu la hewani lizunguke kinyume, na lile la chini linatembea. Gari inaondoka na breki imevutwa. Ukitoa kardan ya nyuma ao ukivuta arbre, ni vilevile, hakuna breki ya mkono. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka shandele za chuma (miguu ya kushikilia gari), si matofali, kisha njo uguse kitu. Land Cruiser 75 breki ya mkono inashika tambura za nyuma, na zile 40 za zamani ziko nazo zinashika kardan, kwa hiyo angalia yako, usidhani.

Piese. Toyota unatembea na rulma mkononi unauliza maduka matatu unaipata, ya orijini ao ya kuiga (soma namba ya rulma yenyewe, usiamini kartoni). Land Rover utaagiza, mara nyingi upande wa Afrika Kusini inapita Kasumbalesa, na utangoja. Kwa mtu anayejifunza kungoja ni kubaya juu anasahau ameweka nini wapi.

Vijana wananiuliza: yaya, si tununue tu pua ya okazio (iliyotumika) tufunge, difu ya nini? Kwa Land Cruiser inawezekana, na nakubali, tena nakuambia ununue hiyo ya pili makusudi: gari itembee na moja, ingine ikae mezani ya kujifunzia. Kwa Salisbury okazio inamaanisha ponti nzima. Lakini pima ratio mbele ya kulipa. Land Cruiser ziko za 4.11 (meno 37 kwa 9) na za 3.70 (37 kwa 10), na gari ya magurudumu manne ikiwa na 4.11 nyuma na 3.70 mbele, siku unaingiza ya mbele juu ya barabara ngumu unavunja boksi. Kwa gari yako kiko kibati cha namba chenye kodi ya ponti. Bila kibati: inua gurudumu moja tu, lile lingine liko chini, zungusha lililo hewani mara mbili kamili, hesabu kardan imezunguka mara ngapi. Ikipita nne kidogo, ni 4.11. Ikikaribia tatu na robo tatu, ni 3.70. Mara mbili juu difu inagawa, gurudumu moja likisimama kurone inatembea nusu. Ukifanya hivyo kwa mkono wako umeelewa difu kuliko mchoro wowote, ile difu ambayo mfaransa Onésiphore Pecqueur aliiandikisha 1827 kwa gari ya mvuke.

Na Land Rover inashinda lini? Kama iko tayari yako, ama ya baba, na kurone na pinyo yake hazilii. Salisbury ni ponti yenye nguvu, ndugu ya karibu ya ponti ya Dana 60 ya Marekani, mu matope ya mwezi wa kwanza na mzigo nyuma itakuheshimu. Basi pale usiguse vipimo. Badilisha spi, rulma za hub, safisha, sikiliza. Ikilia unapokanyaga gesi tu ao unapoachilia tu, ni meno. Ikinguruma wakati wote na sauti inapanda na mwendo, fikiria rulma. Ikigonga ka! unapobadilisha toka mbele kwenda nyuma, angalia kwanza misalaba ya kardan kabla ya kulaumu difu. Ikilia mu kona peke yake, satelite. Difu ya Salisbury inayonyamaza uikute, uiache.

Kamyo kubwa, zile Mercedes za pua fupi 911 na 1113, pua ya ponti nayo inatoka mbele kama ya Land Cruiser, masomo ni yaleyale, ila uzito hautaki mtu peke yake: palan (mnyororo wa kuinulia), watu wawili, na mzee wa garaje karibu. Na kuhusu garaje, wengine wanasema bora uende kushinda kwa mekanisie kuliko kujifunza mu lupango. Garaje itakufundisha haraka kutambua sauti na kuvuta rulma bila kuharibu, hiyo huwezi kuipata peke yako. Lakini kupima na rangi hawatakuacha urudie, mteja anangoja. Nenda kwao kwa masikio, rudi nyumbani kwa vipimo.

Kitu kimoja ambacho ponti zote mbili zinaumia huku ni reniflare, kale kabomba ka kupumua juu ya ponti. Vumbi nyekundu ya wakati wa jua inakaziba, ponti ikipata moto hewa inatafuta njia, inasukuma mafuta kwa spi, mtu anabadilisha spi mara tatu na inavuja tena. Toa, osha na petroli, vuta mpira uupandishe juu mpaka ndani ya shasi. Ukifungua bushoni ya chini na mafuta ni meupe kama maziwa, maji yameingia. Unga wa kijivu laini kwa sumaku si kitu, vipande vinavyong'aa ni kitu.

Mafuta yenyewe ni GL-5 (daraja ya mafuta ya ponti), 80W-90 ao 85W-90, juu mu pinyo ya namna hii jino linateleza juu ya jino, GL-4 ya boksi haitoshi. Jaza mpaka yaanze kutoka kwa tundu la pembeni gari ikiwa sawa. Kama kurone na pinyo ni mpya, siku ya kwanza tembea kilometa 20 ao 30 pole pole bila mzigo, simama, iache ipoe kabisa, rudia. Usibebe kitu kizito mpaka ufike kilometa 800, kisha mwaga yale mafuta yote hata kama yanaonekana masafi, weka mapya, na yale ya zamani yapitishe mu kitambaa cheupe uone kilichobaki.